Muuza dawa, niulize natumia nini

Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto, na kazi inayonilisha ni sare za shule. Kuanzia mwisho wa Novemba kibanda changu hujaa vitambaa vyeupe vya mashati, kwa sababu wazazi huleta watoto kupimwa karibu wakati mmoja na wote wanataka nguo kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mashine inashona, lakini vifungo natia kwa mkono. Kuchomwa na sindano ni jambo la kila siku. Nakibana kidole kwenye kitambaa, nahesabu taratibu, naendelea. Desemba 2019 nilichomwa kidole cha shahada, nikakibana, nikahesabu, nikaendelea, na nilipomaliza kifungo cha tatu nikaona ukosi wa shati una doa jekundu. Nikakifunga kidole. Shati la pili nalo likapata doa. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimebadilisha vitambaa vinne, na tundu lililotoa damu yote hiyo lilikuwa dogo kiasi kwamba hata kuliona ilikuwa shida.

Wakati huo nilikuwa na miaka 11 ya kumeza wafarini kila jioni. Nilijua damu yangu haigandi kama ya wengine. Lakini nilijua pia kwamba kipimo changu cha mwezi uliopita kilikuwa kizuri na kwamba sijazidisha hata nusu kidonge. Kwa hiyo nikadhani ni siku mbaya tu, nikaendelea na kazi kwa sababu wazazi walikuwa wanangoja.

Siku tano kabla ya hapo jino lilikuwa limenivimbisha shavu. Nilikwenda duka la dawa lililo karibu nami, kwa binti mpole ambaye mama yake namshonea magauni. Alinitazama usoni, akasema, “Pole shangazi, hilo limeshaingia usaha,” akanipa amoksilini, Flagyl na diklofenaki, akaandika 1x3 juu ya kila bahasha. Nikalipa, nikamshukuru. Yeye hakuniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Mimi sikumwambia. Muda wote huo kidonge cha wafarini kilikuwa ndani ya mkoba niliouweka juu ya kaunta yake.

Naandika haya kwa sababu ya swali hilo moja ambalo halikuulizwa.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa naumwa koo mara kwa mara. Baadaye magoti na vifundo vya miguu vikavimba, wazee wakasema ni baridi yabisi, nikakandwa kwa maji ya moto, nikapona, tukasahau. Moyo haukusahau. Bakteria wa koo wanapoachwa bila kutibiwa wanaweza kuufanya mwili wa mtoto uushambulie moyo wake wenyewe, na milango ya moyo inaharibika polepole kwa miaka. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilishindwa kupanda mlima wa kwetu. Mwaka 2008 nilipelekwa India, wakatoa mlango mmoja wa upande wa kushoto wakaweka wa kutengenezwa. Usiku nyumba ikitulia mlango huo unasikika: tik, tik, tik, kama saa iliyofunikwa na nguo. Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa analala kifuani kwangu akiusikiliza.

Damu ikigusa kitu kigeni kama hicho inataka kuganda. Donge likijijenga juu yake, mlango unakwama, au donge linachomoka na kwenda kwenye ubongo, na hapo ni kiharusi. Ndiyo maana nameza wafarini. Watu wanaiita dawa ya kuyeyusha damu, na jina hilo linapotosha, kwani haiyeyushi chochote wala damu haiwi nyepesi kama maji. Inachofanya ni kupunguza kazi ya ini. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, na ili zikamilike linahitaji vitamini K. Wafarini huizuia vitamini hiyo isitumike tena na tena, na protini zinazotoka zinakuwa dhaifu.

Tunapima ukali wake kwa kipimo kinachoitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hii ana 1 hivi. Mimi, kwa mlango nilio nao, natakiwa nikae kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo naogopa donge, juu ya hapo naogopa kuvuja. Njia yenyewe ni nyembamba, na ni dawa chache ambazo mtu huenda nazo nyumbani zenye njia nyembamba kiasi hicho.

Sokoni kuna mama aliwahi kuniambia kwamba nakula sumu ya panya. Alisema kweli, na afadhali niieleze kweli hiyo yote kuliko kuikana. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin aitwaye Ed Carlson aliendesha gari hadi mji wa Madison akiwa na mtamba aliyekufa, majani yaliyoharibika na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyotaka kuganda. Alikutana na mwanakemia wa chuo kikuu, Karl Paul Link. Link na wanafunzi wake walihangaika miaka kadhaa hadi wakaipata kemikali iliyokuwa inaua mifugo ile, kisha kutokana nayo wakatengeneza nyingine yenye nguvu zaidi. Hiyo ndiyo wafarini. Mwaka 1948 iliuzwa kama sumu ya panya, mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya mshtuko wa moyo. Kilichotenganisha sumu na tiba tangu siku hizo ni kipimo, na kipimo kinaweza kuharibika bila mgonjwa kuongeza hata chembe.

Hapo ndipo Flagyl inapoingia. Siku niliyoelezwa jambo hili nililielewa kwa kufikiria kibanda changu. Nashona mashati 5 kwa siku, na kijana wangu anapiga pasi na kupeleka 5 kwa siku. Meza haijai wala haibaki tupu. Sasa jirani akimwazima kijana huyo wiki nzima, mimi sijaongeza hata shati moja, lakini ifikapo Ijumaa meza imefurika na nguo zinaanguka chini. Katika ini kuna kimeng'enya kinachovunjavunja wafarini na kuiondoa. Metronidazoli, ambayo ndiyo hiyo Flagyl, hukizuia kimeng'enya hicho kisifanye kazi yake. Mgonjwa anameza kidonge kilekile cha jioni, lakini cha jana hakijaondoka, cha juzi hakijaondoka, na vyote vinafanya kazi kwa pamoja.

Kuna njia nyingine pia. Baadhi ya bakteria wa utumbo wetu hutengeneza vitamini K, na antibiotiki haichagui, inaua wabaya na hao pia. Tena mtu mwenye homa au jino bovu hali vizuri. Mimi wiki ile nilikuwa nakunywa uji tu, mboga sikuigusa. Kwa hiyo vitamini K ilipungua tumboni na ikapungua sahanini, huku wafarini ikirundikana. Na diklofenaki ndiyo iliyotia mkono wa mwisho, kwa kuwa dawa za maumivu za aina hiyo hukwangua ngozi ya ndani ya tumbo na kuzidhoofisha chembe sahani zinazoziba vidonda.

Kinachonitisha zaidi katika haya yote ni ukimya wake. Sikuumwa siku ya kwanza wala ya pili. Protini za kugandisha damu zilizokwisha kutengenezwa huendelea kuzunguka mwilini, nyingine huisha kwa saa chache, nyingine huchukua siku mbili tatu kupungua nusu. Kwa hiyo hatari hufika siku ya tatu, ya nne, ya sita, wakati shavu limeshaywea na mgonjwa anasema dawa imemsaidia. Mimi nilikuwa nasema hivyo. Asubuhi ya siku ya nne niliona damu kwenye mswaki nikadhani ni jino. Nilijigonga pajani kwenye kona ya meza ya kukatia, jioni pakawa na alama nyeusi ya upana wa kiganja, nikadhani nimejigonga vibaya. Siku ya tano ndiyo ile ya mashati. Usiku wa siku ya sita nilikwenda chooni na kilichotoka kilikuwa cheusi, cha kunata kama lami. Nilipoinuka, ukuta ukazunguka.

Shemeji alinishusha Mombo usiku uleule kwa gari la kuazima. Anayezijua kona za Soni gizani atajua ilikuwaje, mimi nimelala kiti cha nyuma na dada yangu ananiita jina kila dakika nisisinzie. Kutoka Mombo tukapelekwa hospitali kubwa zaidi. INR yangu ilikuwa imepita 9.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Kitu cha kwanza alichoniuliza, kabla hata ya kunipima shinikizo, ni hiki: “Mama, wiki hii umetumia dawa gani nyingine?” Dada akatoa zile bahasha tatu mkobani. Akazisoma, akanyamaza, akaziweka juu ya faili langu. Alinieleza baadaye jinsi usiku ule ulivyokuwa mgumu kwake. Angenipa vitamini K nyingi, damu ingeacha kuvuja tumboni lakini ingeweza kuganda kwenye mlango wa moyo. Alinipa kidogo, akaongeza plazma, akanipima, akanipa tena kidogo, na asubuhi nikaongezewa chupa mbili za damu. Nilikaa hospitali siku 9. Mashati ya watu yalishonwa na mafundi wenzangu watatu, na hadi leo nawaombea dua.

Swali la daktari yule lilikuwa lilelile la dukani. Dukani lingenigharimu nusu dakika.

Sina kinyongo na binti wa duka. Nimerudi kununua kwake, na sasa ananiuliza hata nikienda kutafuta pamba. Tena ningekuwa mnafiki nikimlaumu yeye peke yake, kwa sababu mimi niliyefundishwa kliniki miaka 11 sikulifungua domo langu. Lakini hebu tuangalie nilifundishwa nini. Kila siku ya kliniki tuliambiwa habari ya mboga za majani: mchicha, kisamvu, matembele, spinachi, zina vitamini K, usile leo sufuria nzima na kesho usile kabisa, kula kiasi kilekile kila siku. Ni ushauri mzuri, na kwetu Lushoto ambako mboga ndizo zinazojaza malori ni ushauri wa lazima. Tuliambiwa pia tusinywe dawa ovyo. Neno hilo “ovyo” ndilo lililonipoteza, maana mimi sikujiona nimekunywa ovyo. Nilikuwa na jipu la jino, nilikwenda duka lenye leseni, nikapewa dawa na mtu aliyesomea kutoa dawa. Hakuna aliyewahi kunitajia Flagyl kwa jina lake la dukani.

Na Flagyl ni dawa ya nyumba zote. Tumbo likiuma, Flagyl. Mtoto akiharisha, jino likivimba, kina mama wakitokwa na uchafu, Flagyl. Mteja haji dukani akiwa na swali, anakuja na jina: “Nipe Flagyl.” Septrin nayo vilevile, ndani yake mna dawa inayokizuia kimeng'enya kilekile, na wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaoinywa kila siku kwa kinga. Mtu akiwa na wafarini na akaanzishiwa Septrin, au akaachishwa, kipimo chake hakiwezi kubaki palepale. Siprofloksasini, erithromisini, flukonazoli ya fangasi, zote hizo zinaweza kuipandisha INR. Amoksilini ni pole zaidi, lakini upole huo si ruhusa ya kutopima.

Kuna moja inayokwenda upande wa pili, na hiyo nimeiona kwa macho. Kliniki tulikuwa na kijana mwenye mlango kama wangu aliyepata kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, haikizuii kimeng'enya, inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, ni kama kuniletea kibandani vijana watano wa kupeleka nguo. Wafarini ilikuwa inaondoka mwilini mwake kabla haijafanya kazi. Walimwongezea dozi taratibu, wakamwongezea tena, hadi akawa anameza zaidi ya mara mbili ya zamani, na INR yake ikakaa mahali pake. Miezi 6 ikaisha, akapona kifua, nyumbani wakafurahi. Ila waliomtibu kifua walikuwa jengo moja na waliomwandikia wafarini walikuwa jengo jingine. Hakuna aliyekumbuka kwamba rifampisini ikiondoka, ini linarudi taratibu kwenye hali yake na ile dozi kubwa inageuka kuwa hatari. Wiki ya tatu akaanza kutoka damu puani. Alipona, lakini alifika kliniki amelowa fulana yote, na sisi tuliokuwa kwenye benchi tulijifunza siku hiyo kwamba hata kuacha dawa ni jambo la kutangaza.

Nimezungumza na wenye maduka wawili watatu kuhusu swali hili, na wamenijibu kwa uaminifu. Wanasema mteja wa Kitanzania hapendi kuhojiwa. Ukimuuliza “Unatumia dawa gani nyingine?” anadhani unataka kujua kama ana ugonjwa wa aibu, na nyuma yake kuna watu wanne wanasikiliza. Anaondoka, anakwenda duka la jirani ambako hawaulizi. Nimeona hivyo mwenyewe. Lakini dawa ya tatizo hilo si kunyamaza. Swali likiulizwa kwa kila mtu na katika kila duka, halimwaibishi yeyote, kama vile hakuna anayeona aibu fundi akimzungushia futi kiunoni, kwa sababu anajua bila vipimo hakuna nguo. Na si lazima mtu aseme ugonjwa wake mbele za watu. Inatosha aonyeshe kadi.

Maduka ya dawa muhimu yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu maalumu: watu wa vijijini na miji midogo walikuwa wananunua dawa kwa watu wasiojua kitu, na serikali ikaona ni bora muuzaji afundishwe, apewe leseni na aruhusiwe kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki kadhaa. Ni wazo zuri sana, na wengi wetu tuko hai kwa ajili yake. Ninaloliomba Baraza la Famasi ni kuliongezea kitu kimoja wazo hilo: kabla ya antibiotiki yoyote kuvuka kaunta, muuzaji aulize kama mteja anatumia dawa ya kila siku, na jibu liandikwe. Si kipeperushi cha kubandika ukutani, maana kuta za maduka zimejaa vipeperushi na hakuna anayevisoma akiwa na jino linalouma. Liwe sharti la leseni, na mkaguzi akija aulizie daftari.

Halafu kadi. Yangu ya kwanza iliandikwa Kiingereza tupu, imejaa vifupisho na visanduku, na nilikuwa naibeba kama mtu anavyobeba hati ya kiwanja asiyoweza kuisoma. Nataka kadi ya Kiswahili, ngumu, ya rangi kali, yenye maandishi makubwa kwamba aliyeibeba anatumia wafarini, na nyuma yake yaorodheshwe majina ya dawa za hatari kama yanavyotamkwa dukani: Flagyl, Septrin, Cipro, diklofenaki, aspirini. Mgonjwa anayejua kusoma ataisoma mwenyewe, na asiyejua ataisukuma mbele juu ya kaunta. Usiku ule kwenye gari nisingeweza kumweleza mtu yeyote lolote. Kadi ingenisemea.

Jambo la tatu ni zito kuliko haya mawili, kwa sababu linahitaji fedha. Ushauri sahihi kwa mtu kama mimi anayeanza antibiotiki ni kupima INR baada ya siku tatu hadi tano, na kupima tena akimaliza. Ni rahisi kusema. Kwa nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na malipo ya kipimo, kwangu safari moja ni pesa ya mashati manne na siku nzima bila kazi. Mwenye kuishi kijijini ndani kabisa, anayesubiri bodaboda hadi barabara kubwa, hatakwenda mara mbili ndani ya wiki mbili. Ataomba Mungu. Zipo mashine ndogo za mkononi zinazopima INR kwa tone moja la damu ya kidole, jibu linatoka ndani ya dakika chache, kama tunavyopimwa sukari. Kila hospitali ya wilaya inapaswa kuwa nayo, pamoja na vijiti vyake vya kupimia, maana mashine isiyo na vijiti ni pambo. Tumeshajifunza kupasua moyo hapa nchini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili inabadilisha milango kwa watu ambao zamani tungewachangia nauli ya India, na mimi nafurahi kila nikisikia habari zake. Lakini mlango unawekwa mara moja, na damu inalindwa kila siku kwa maisha yote, huku mitaani na vijijini tunakorudi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiachane na wafarini, kwani zipo dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji kupima kila mwezi. Kwa wagonjwa wengine ni jibu zuri. Kwa sisi wenye milango ya kutengenezwa ilijaribiwa mojawapo, dabigatrani, na mwaka 2013 matokeo yakaonyesha kwamba waliopewa walipata madonge zaidi na kuvuja damu zaidi kuliko wa wafarini, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine mkubwa wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kwa watu ambao moyo wao uliharibiwa na ugonjwa huu wetu wa koo na mapigo yake yamevurugika. Dawa mpya ya rivaroksabani ililinganishwa na za jamii ya wafarini, na waliobaki na hizo za zamani walipata matukio mabaya machache zaidi na vifo vichache zaidi. Na hata hizo mpya haziko salama na kila antibiotiki, kwani rifampisini huzipunguza nguvu nazo. Tutakuwa na wafarini kwa muda mrefu.

Nisieleweke kwamba nawatisha wenzangu waogope antibiotiki. Nimemwona mama mmoja kliniki aliyezikataa kwa hofu ya kuvuja, vidudu vikaota kwenye mlango wake wa moyo, na hatukumwona tena. Maambukizi yanapaswa kutibiwa, na kwetu yatibiwe haraka kuliko kwa wengine. Hata kung'oa jino tunatakiwa tupewe antibiotiki kabla, dozi moja kubwa. Wala mtu asiache wafarini mwenyewe kwa kuwa ameanzishiwa Flagyl. Aseme, apimwe, na anayejua ndiye apunguze au abadilishe dawa.

Wiki hii jino jingine limenisumbua, na safari hii nilianza kwa kadi. Binti wa duka akampigia simu mfamasia wa hospitali, nikapewa amoksilini peke yake na paracetamoli ya kiasi, Flagyl ikarudi kwenye kabati. Leo ni siku ya tatu. Mashati 12 yamekwisha kushonwa na yamekunjwa hapa mezani bila vifungo. Kesho alfajiri nashuka Mombo kupima, na sindano ya mkono sitaishika hadi nimeiona namba.